Si Sauda Aliyetoa Siri ya Dragoni

Mwanangu Laker,

Nimemkosea Sauda. Na wewe nimekukosea, lakini yeye zaidi, kwa hiyo naanza na yeye. Ile siri yako ya chesi, ile Dragoni uliyomwandalia Ivan, si Sauda aliyeitoa. Ni mimi. Niliitoa kwa mdomo wangu na kwa mikono yangu, mchana kweupe, pale Ggaba, mbele za watu, huku nacheka.

Basi, nimeshaandika. Unaona ilivyo fupi? Maneno haya machache yamenikaa kooni tangu mwaka juzi kama mwiba wa samaki, na kila yalipotaka kutoka nilikunywa maji yakashuka tena. Nimekasirika. Si na wewe. Nimekasirika na huyu mtu anayeshika kalamu, anakaribia miaka hamsini, ana cheo begani, na ameshindwa kusema sentensi moja ambayo mtoto wa darasa la pili angeisema, akalia kidogo, akaenda kucheza.

Mambo ya safari yako ya Arusha sikuandikii. Mama yako amekwambia juu ya maji ya kunywa, juu ya kufunga mlango, juu ya wanaume na juu ya blanketi, na amerudia yote. Kama kuna kitu amesahau atakupigia simu kabla basi halijafika Jinja. Mimi nina hili tu.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Kiacholi chako ni cha salamu, Kiganda ni cha sokoni, Kiingereza ni cha walimu. Hapa kwetu mtu akigombana anagombana kwa Kiswahili, na akiomba msamaha ni kwa hicho hicho, hata kama ni kile cha kambini nilichokulia nacho. Huko Arusha watakucheka kidogo. Utazoea. Mimi Sauda alinicheka kwanza.

Nataka umkumbuke alivyokuwa, maana najua umejilazimisha kusahau. Alikuwa anakuja akitoka dukani kwa mama yake, Bukoto, na mfuko wa mandazi. Anavua viatu mlangoni, anasema "Shikamoo Baba Laker," na kabla sijaitikia vizuri ameshakaa sakafuni na ubao wa chesi. Watu wao ni wa biashara, walitoka pwani zamani za mababu, na Kiswahili chao kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Mimi nikifungua mdomo, yeye anafunika wake kwa kiganja.

"Baba Laker, Kiswahili chako kina buti," aliniambia siku moja. "Kinapiga mguu chini."

"Na chako kimevaa kanzu," nikamjibu. "Kikikimbizwa kitajikwaa."

Mlicheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza nani ameanguka.

Mimi nilikuwa nakaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, najifanya nasoma gazeti. Sikuwa nasoma. Nilikuwa nawatazama mnavyoitengeneza ile Dragoni. Chesi nilikufundisha mimi, hilo hakuna wa kunibishia. Nilikufundisha kwa ile seti ya kambini iliyopoteza ngome moja tukaweka betri ya tochi badala yake. Lakini nilikufundisha mchezo wangu: kaa, linda, ngoja mwenzako akosee. Sauda ndiye aliyeleta ule wazimu. Mweupe anafungua na askari wa mfalme, wewe mweusi unamjibu kwa askari wa ubavuni. Askofu wako anakwenda kukaa konani, na kutoka kona ile anakata ubao mzima mpaka nyumbani kwa mfalme wa mwenzako. Hapo mambo ya kulinda yamekwisha. Yeye anamficha mfalme wake upande huu, wewe upande ule, na kila mmoja anamkimbilia mwenzake na panga. Anayechelewa hatua moja amekufa.

"Na hapa," Sauda akasema, ameshika ngome yako, "unampa."

"Nampa ngome nzima? Kwa farasi?" ukamwuliza.

"Kwa farasi. Mwache aile."

"Sauda, wewe unaumwa."

"Aile tu. Halafu mtazame mfalme wake anavyobaki bila shuka."

Mkaicheza ile hatua, mkaigeuza, mkaijaribu na kila jibu mnalolijua, na kila mara mfalme mweupe akabaki kweli bila shuka. Wazo lilikuwa lake, Laker. Hilo nataka ulishike. Msichana mliyesema ameuza siri, siri yenyewe ilikuwa mali yake. Alikupa wewe kwa sababu wewe ndiye ungekaa meza ya kwanza kucheza na Ivan wa klabu pinzani, na klabu yenu ikishinda siku ile mngekwenda wote mashindano ya Nairobi. Alikuwa ameshapiga picha za pasipoti. Alinionyesha, akaniuliza kama anafanana na mhalifu. Nikamwambia mhalifu hatabasamu hivyo.

Sasa Ggaba.

Jumapili ile, wiki moja kabla ya mchezo wenu, mama yako alinituma nikanunue ngege. Unalijua lile soko la samaki, na pale karibu Ssali ana kibanda cha kutengeneza simu. Mbele ya kibanda kuna ubao wa chesi juu ya kreti la soda. Nimecheza pale miaka, na miaka yote Ssali ananipiga. Anayeshindwa ananunua soda. Na pale hakuna kucheza kimya. Ukicheza kimya wanakuuliza nani amefariki. Lazima umtukane mwenzako, na mwenzako akutukane, ndiyo mchezo uende.

"Afande!" Ssali akaita aliponiona na mfuko wa samaki. "Njoo nikukamate."

"Leo nina haraka."

"Haraka ya kushindwa? Kaa, ssebo. Mtu mwenyewe unacheza kama askari wa getini. Unafungua, unafunga. Unafungua, unafunga."

Watu wakacheka. Kijana wa boda aliyeegemea pikipiki akasema, "Hata funguo zenyewe si zake." Nikakaa.

Nikashindwa mchezo wa kwanza. Wa pili pia. Halafu Ssali, huku anapanga upya, akasema polepole, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: "Lakini yule binti yako anacheza, eh. Nani amemfundisha? Maana si wewe."

Ningecheka nikanunua soda zangu nikaondoka. Badala yake nikageuza ubao nikachukua weusi. Akafungua na askari wa mfalme, na mimi nikamjibu kwa ubavu. Hatua zote nilizoziiba nyuma ya gazeti nikazimwaga pale. Ilipofika ya ngome, nikala farasi wake nikaipiga chini mpaka vitu vikaruka.

"Afande umelewa," Ssali akasema. "Umenipa ngome."

"Kula."

"Nakula kweli, usije ukalia."

"Kula, muzee. Una njaa."

Akala. Muda mfupi baadaye mfalme wake hakuwa na pa kukanyaga. Watu walipiga kelele mpaka wauza samaki wakaacha mizani yao wakaja kutazama. Mtu mmoja akanipiga mgongoni. Yule kijana wa boda akasema, "Leo afande amevunja geti." Laker, sijui nikuelezeje. Nilijisikia kijana. Na badala ya kunywa soda yangu niende nyumbani, nikavirudisha vitu nyuma pale pale nikaanza kuwafundisha. Hapa yeye atafanya hivi, hapa wewe unafanya hivi, hapa unatoa ngome. Nikamaliza kwa kusema, "Hii ndiyo binti yangu atamchinjia nayo Ivan Jumamosi."

Ssali hakutukana tena. Alikuwa anatazama ubao.

Na nilijua kwamba Ivan ni mtoto wa dada yake. Hilo Ggaba nzima inalijua, maana Ssali anamsifu Ivan kila siku. Kazini kwangu nimesikia watu wengi wakisema "afande, sikujua," na mimi nimeandika hivyo hivyo huku najua wanadanganya. Siwezi kukuletea wewe neno hilo. Nilijua. Ila katika ile saa kujua kwangu hakukuwa na kazi. Nilikuwa natazama wale watu wanavyonitazama.

Nilirudi nyumbani jioni na ngege aliyeharibiwa na jua. Nadhani unakumbuka, mama yako alimtupa. Akaniuliza, "Huyu samaki ulimtembeza mpaka Gulu?"

Kama hadithi ingeishia hapo, ningekuwa mzee mwenye mdomo mrefu tu, na wewe ungenisamehe. Lakini sikia sehemu inayoniudhi mimi mwenyewe mpaka nasaga meno. Jumatatu nilipofika kazini kichwa kilikuwa kimetulia, na nilielewa vizuri sana nimefanya nini. Wiki nzima ilikuwa mbele yangu. Ningekwambia tu, "Laker, Dragoni imevuja, cheza kitu kingine." Ungenuna. Usingenisalimia asubuhi moja au mbili. Halafu wewe na Sauda mngetafuta ulinzi mwingine, maana mnajua mwingi. Kosa lilikuwa bado na dawa, na dawa nilikuwa nayo mimi peke yangu. Sikukwambia. Niliona aibu ya kusema nilikuwa najisifu kwa akili ya mtoto wa mwenzangu mbele ya wauza samaki. Nikajiambia Ssali amesahau. Nikajiambia Ivan hamsikilizi mjomba wake. Ijumaa mlipokaa sakafuni kupitia kwa mara ya mwisho, nilikuwa kwenye kiti changu.

"Baba Laker, leo hata kututania hutaki?" Sauda akauliza.

Nikasema kichwa kinaniuma.

Jumamosi yenyewe unaijua kuliko mimi, kwa hiyo nitakwambia tu nilichokiona nikiwa nimesimama kando ya ukuta. Niliona Ivan anafungua kama mlivyotaka. Nikaona mabega yako yakishuka, ukawa umetulia, nikaanza kuamini kwamba Mungu amenifichia. Halafu, hatua moja kabla ya ile yako, Ivan akamsogeza mfalme wake nyumba moja pembeni. Kitu kidogo. Mtu asiyejua angesema amepoteza hatua. Hakufikiri hata. Akabonyeza saa, akainuka, akaenda kujimiminia chai.

Ukainua kichwa. Ukatazama kule walikosimama watu wetu. Mimi hukunitazama. Ulimtazama Sauda.

Na hapa nitasema kitu ambacho baba mwenye kosa labda hana haki ya kusema. Ungeweza bado kubadilisha. Uliona mlango umefungwa ukaupiga kwa kichwa. Ukatoa ngome vile vile, kwa hasira, na Ivan akaila bado ana kikombe mkononi. Mfalme wake pale pembeni alikuwa amejifunika vizuri, na askari zake wa upande wa pili wakaja wakakuvunjia ukuta. Ule ubishi si wa mama yako. Ni wangu. Nilipokuona unafanya vile nilijiona mimi Ggaba, nimekaa kwenye kreti.

Ulimpa Ivan mkono bila kumtazama. Halafu koridoni ukamwendea Sauda.

"Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Aliinuka kwenda kunywa chai, Sauda. Chai! Alikuwa anajua. Nani mwingine anaijua ile hatua?"

"Wallahi si mimi. Laker. Wallahi."

"Mungu mwache."

Sauda akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa lakini hayajamwagika. Akasema, "Baba Laker, mwambie. Wewe unanijua."

Nilikuwa nimeshika chupa yako ya maji. Nikasema, "Twende nyumbani."

Maneno mawili tu. Kila aliyekuwa koridoni akayasikia, na kila mmoja akaelewa kwamba baba wa msichana, polisi, mtu wa kuchunguza, ameshaamua. Hata uongo mkubwa usingefanya kazi kama yale mawili.

Halafu nikaongeza. Hili hulijui. Siku chache baadaye Muzee Kizito, kapteni wenu, alinipigia simu. Akasema, "Afande, wewe kazi yako ni watu. Unaonaje, ni huyu binti?" Nami nikamjibu, "Kapteni, mimi sitaki kuharibu jina la mtoto wa mtu." Umesikia hiyo? Sikusema ni yeye. Ukinipeleka mahakamani sina kesi. Lakini ndivyo tunavyosema kazini tunapotaka mtu aamini jambo bila sisi kushikwa nalo. Akamwondoa kwenye timu. Alimwambia apumzike kidogo. Sauda si mjinga, alielewa. Hakurudi tena.

Nairobi hakuna aliyekwenda, maana mlishindwa. Lakini wewe uliendelea kucheza. Yeye hachezi. Nimemwona dukani kwa mama yake anapima sukari na kukunja vitenge, na ukimpita haraka utafikiri ni dada wa duka tu. Mtu ambaye alikaa sakafuni kwangu akatoa wazo ambalo mimi kwa miaka yote ya kucheza chesi sijawahi kuwa nalo hata nusu.

Nimejaribu. Usidhani sikujaribu, ingawa sijui kama kujaribu kwangu ni kitu cha kukuhesabia. Unajua mama yako anavyolalamika kuhusu mabeseni? Kila mara nilikwenda pale dukani nimejiandaa, nimefunga vifungo, maneno yapo tayari. Mama yake Sauda ananikaribisha vizuri, "Karibu, Baba Laker, za siku nyingi," ananivutia kiti. Hana hata neno baya, ndiyo inaniua. Sauda anaingia chumba cha nyuma. Mimi natazama huku na huku, naona mabeseni yamepangwa, nasema, "Nipe hilo la kijani." Narudi nyumbani na beseni. Wiki nyingine la bluu. Tuna mabeseni ya kufulia nguo za kambi nzima, Laker, na kila moja ni ukweli nilioshindwa kusema.

Na wewe nilikujaribu. Asubuhi moja tunakula ndizi za katogo nikasema, "Laker, kuhusu Sauda..." Ukasema, "Baba, huyo usinitajie, nakula." Na mimi nikafurahi! Moyo wangu ulipumua. Nikajiambia, basi, amekataa mwenyewe. Nikajiongezea mchuzi. Ndiyo kiwango cha mtu aliyekulea.

Baba yangu mimi alikuwa askari jela, tulikaa kambini Luzira, karibu na Port Bell. Jioni wakubwa walicheza chesi barazani. Baba akiona anashindwa, goti lake lilikuwa linagusa meza. Vitu vyote chini. "Aa, samahani, mguu huu," anasema, na wanaanza upya. Kila mtu alijua lile goti. Hakuna aliyethubutu, maana alikuwa na cheo. Sisi watoto tulikuwa tunamwigiza nyuma ya nyumba tukicheka, na mimi niliapa sitakuwa mtu wa namna ile. Na kweli, sijawahi kugusa meza. Nilijivunia jambo hilo miaka yote, kumbe nilikuwa na goti langu. La kwangu ni kunyamaza. Nimelitumia kwa mama yako, nimelitumia kazini, na kila mara watu wamedhani ni busara. "Afande hasemi ovyo." Ni kweli, sisemi ovyo. Nanyamaza ovyo.

Sitakwambia usikosee huko uendako. Utakosea, na mimi sitakuwepo kuona. Ila nimejijua jambo moja, na kwa vile unafanana nami naona bora ulijue mapema. Mimi siogopi adhabu. Wakinikata mshahara, wakinihamisha, nitalalamika tu halafu nitavaa viatu. Ninachoogopa ni ile dakika ambayo mtu aliyekuwa ananiheshimu sura yake inabadilika. Kwa kuikimbia dakika moja ya sura yako, nimempa Sauda miaka miwili ya sura za watu wote wa klabu. Siku utakapoanza kujiambia "nitasema wiki ijayo," jua ni damu yangu inayozungumza, uinyamazishe.

Na wewe una lako, Laker. Silisemi ili nipunguze langu. Ulimhukumu rafiki yako kwa sababu ya kikombe cha chai. Hukumwuliza mara ya pili. Mimi ndiye niliyekuacha ufanye hivyo, lakini mdomo ulikuwa wako. Nimekasirika kuandika hivi, kwa sababu najua ningeweza kukuzuia kwa neno moja, na sasa nakufundisha kana kwamba sikuwepo.

Mama yako nilimwambia juzi, wakati unapeleka viatu kushonwa. Alikuwa anaanika nguo. Alimaliza kwanza kamba yote. Halafu akasema, "Mabeseni. Kumbe ndiyo mabeseni." Nikamwomba akwambie yeye, kwa sababu yeye anajua kuongea na wewe. Akanitazama kama alivyomtazama yule samaki. "Mimi sikuwa Ggaba," akasema. Akaingia ndani.

Nikupe na hili la mwisho, maana limenishika sasa hivi nikiandika. Nilikuwa nimepanga kukuwekea barua hii ndani ya begi, uisome ukishavuka mpaka pale Busia. Nilijiona nimefanya vizuri, nakupa nafasi. Nafasi gani? Nilichagua mahali ambapo huwezi kurudi wala kunipigia kelele. Hata kuungama kwangu nilikuwa nimekufungia mlango. Nimechoka na mtu huyu. Kwa hiyo utaipata asubuhi kabla ya chai, mkononi, na mimi nitakaa pale pale kwenye kiti mpaka umalize. Sitashika gazeti. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka mama yako peke yake akusindikize kwenye basi, nitabeba mizigo mpaka barabarani nirudi. Msamaha sikuombi asubuhi hiyo hiyo, maana ningekuwa nakukimbiza. Namba ya Sauda unayo, najua hujaifuta. Utaitumia au hutaitumia, hilo ni lenu wawili.

Langu ni hili. Ijumaa hii, watu wakishatoka kuswali mchana, nakwenda Bukoto dukani. Nitamwomba mama yake amwite Sauda kutoka chumba cha nyuma, na nitawaambia wote wawili nikiwa nimesimama: ilikuwa mimi, Ggaba, na baadaye tena kwenye simu na kapteni. Akinifukuza nitatoka. Akiniuliza kwa nini, nitamjibu bila kumtafutia maneno ya kipolisi.

Jumamosi, kesho yake, klabu inaanza ligi mpya, saa nne asubuhi, ukumbi ule ule wa siku ile, na wapinzani wenu watakuja. Nimeshamwambia Muzee Kizito nina neno la kusema na hajui ni neno gani. Kabla hajawaruhusu wabonyeze saa, nitasimama mbele ya meza zote, na Ivan atakuwepo, na nitasema kwamba Sauda hakuuza kitu, hatua ile ilikuwa yake, aliyeitoa ni mimi, na aliyemwacha akaadhibiwa ni mimi. Nitalitaja jina lake lote na jina langu lote. Sauda akija, atasikia. Asipokuja, nitasema vile vile.

Jumamosi jioni usinipigie mimi kuniuliza kama nimefanya. Mdomo wangu kwenye jambo hili haujakupa sababu ya kuuamini. Mpigie Muzee Kizito, umwulize baba yako alisimama akasema nini, na akurudie neno kwa neno.

Baba yako